Herufi S inapasuka hewani: nipime vipi modulesheni ya FM kwa kidude cha SDR?

MtotoWaGombani (Jumapili, saa 4:10 usiku)

Assalaamu alaykum wanajukwaa. Wakubwa shikamooni.

Nasaidia ufundi kwenye kituo kidogo cha redio ya FM hapa Pemba. Jina lake nnaliweka mfukoni. Shida yetu ni hii: mtangazaji akisema "sasa tusikilize salamu za Salma wa Sizini", redio inatoa sauti kama mtu anachana kanga. Ngoma ziko sawa, besi iko sawa, mazungumzo ya kawaida hayana neno. Kinachopasuka ni S, SH, Z na fidla ya taarabu. Wasikilizaji wa Chake wanalalamika, wa Mkoani nao wanalalamika hivyo hivyo.

Meneja anataka tuongeze sauti. Hoja yake: redio za Mombasa na Tanga zinaingia hapa bila hodi bahari ikitulia, na zinasikika kwa nguvu kuliko sisi tulio nyumbani. Mimi nnaogopa kuongeza kitu nisichokijua kimefika wapi.

Nimenunua kile kidude cha SDR, yaani redio inayosomwa na kompyuta, cha USB chenye chipu ya RTL2832U, nikakichomeka kwenye laptop. Jana tulipofunga matangazo saa sita usiku nilirusha mlio wa 1 kHz nikapima. Disitosheni, yaani upotofu wa sauti, imetoka 2.8%. Kipimo cha mchepuko hakitulii, mara 96 kHz, mara 110, mara 64, na mlio ni ule ule mmoja. Je, transmita imekufa? Meneja keshaanza kuuliza bei ya mpya.

FundiMlandege (Jumapili, saa 4:25 usiku)

Yakhe, miaka yote nnatengeneza redio hapa mjini na mita yangu ni hili sikio. Ukisikia inakwaruza, inakwaruza. Sasa umenunua kidude ili kikwambie unachokisikia?

Ila umesema jambo moja zito na wewe mwenyewe hukuliona. Ngoma sawa, S mbovu. Lishike hilo.

Mzee_Keria (Jumapili, saa 5:02 usiku)

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Usinunue transmita kwa kipimo cha usiku mmoja. Nijibu kwanza mambo matatu: ulikaa wapi ulipopima, geni ya kidude (ule ukuzaji wa mawimbi) uliiweka wapi, na filta kwenye programu ina upana gani?

Nnauliza kwa sababu kipimo hujipima chenyewe kabla hakijapima kitu chengine. Kidude chako kina biti 8 tu. Hesabu ya biti 8 inakupa kama desibeli 50 baina ya kitu kikubwa kabisa na kidogo kabisa kinachoweza kukisoma. Ukikaa nacho karibu na mtambo kinalewa kwa mawimbi makali, na mlevi hupewi ushahidi wake mahkamani.

Na kwa wanaosoma uzi huu bila kuijua lugha yetu. Keria ni lile wimbi linalobeba sauti, na kuipakia sauti juu yake ndiko tunakoita modulesheni. Katika AM, sauti inabadilisha kimo cha keria, inapanda na kushuka, masafa yake yakabaki pale pale. Katika FM kimo hakibadiliki, masafa ndiyo yanayosogea kushoto na kulia. Huko kusogea ndiko tunakoita mchepuko, na mpaka wa utangazaji wa FM ni 75 kHz kila upande, pailoti ya sterio (ule mlio unaoiambia redio kwamba matangazo ni ya sterio) ikiwa ndani yake. Kwa hiyo mtu anayeongeza sauti ya FM haongezi nguvu ya mtambo hata wati moja. Anaipanua njia yake, na akipita mpaka anaingia kwenye uwanja wa jirani.

MtotoWaGombani (Jumatatu, saa 1:30 asubuhi)

Mzee wangu, nnaona haya kujibu. Nilikaa chumba cha mitambo, mlingoti uko juu ya kichwa changu. Geni niliweka mwisho kabisa, nikidhani ndiyo kupata mawimbi safi. Filta niliweka 120 kHz kwa sababu video moja ilisema hiyo ndiyo ya muziki.

Mzee_Keria (Jumatatu, saa 1:41 asubuhi)

Basi umepima ulevi.

BintiMbweni (Jumatatu, saa 3:15 asubuhi)

Shikamoo Mzee Keria. Kaka wa Gombani, mimi ni mwanafunzi wa mawasiliano hapa Unguja, niongezee la filta.

Kuna hesabu ya Carson, mhandisi wa Kimarekani: jumlisha mchepuko na masafa ya juu kabisa ya sauti, zidisha kwa mbili. Mlio wa 1 kHz kwenye mchepuko wa 75 unataka kama 152 kHz. Sauti ya mono inayofika 15 kHz inataka 180. Sterio ina mkanda unaofika 53 kHz, kwa hiyo inataka 256. Wewe umeupitisha mlango wa 120. Filta imekata ncha za mawimbi, na FM iliyokatwa ncha inatoa hamoniki, yaani milio ya ziada kwenye masafa mara mbili na mara tatu ya mlio, ambazo kituoni hazikuwepo kabisa. Ile 2.8% yako sehemu yake kubwa umeitengeneza wewe kwenye laptop.

La kuchekesha ni kwamba Carson huyo huyo mwaka 1922 aliandika kuonyesha kwamba FM haipunguzi upana wa njia, na watu wengi wakaipuuza. Ilibidi aje Armstrong, mvumbuzi wa FM ya njia pana, na hati zake za uvumbuzi za mwaka 1933, kuonyesha kwamba huo upana ndio unaonunua usafi wa sauti.

Jengine ni kasi ya sampuli. Programu inapata mchepuko kwa kutazama pembe ya wimbi imezunguka kiasi gani kutoka sampuli moja hadi ya pili. Ukiwa na sampuli 240,000 kwa sekunde huwezi kuona zaidi ya 120 kHz kila upande. Kituo kikizidisha mchepuko, wewe utaona vilele vimegonga dari la programu yako na hutojua vimefika wapi. Kidude kinafika milioni 2.4. Chukua hizo zote, kisha punguza mpaka 480,000 hivi, si chini.

FundiMlandege (Jumatatu, saa 3:40 asubuhi)

Binti, ukimaliza skuli njoo dukani. Mshahara mdogo lakini chai ya maziwa ipo.

KidagaaWete (Jumatatu, saa 7:20 mchana)

Naomba kuchomeka. Mimi nipo bondeni Wete, na redio zote za FM zinanipasukia, si S tu, hata kinanda. Nikiisogeza redio hatua mbili dirishani inapona, jioni inarudi. Nayo ni modulesheni?

Mzee_Keria (Jumatatu, saa 7:55 mchana)

Hapana, hiyo ni njia mbili. Wimbi moja linakufikia moja kwa moja, la pili limegonga kilima au bati za jirani likachelewa. Yakikutana yanapigana, na ugomvi wao unabadilika kadiri masafa yanavyosogea. FM safi inafika kwako ikiwa na AM juu yake, na redio yako inaisoma kama kelele. Mjini Unguja utaisikia ukipita na gari kwenye yale maghorofa ya Michenzani, sauti inachechemea kila hatua kadhaa.

Namna ya kutofautisha ni nyepesi. Kosa likifuata mahali na erio, ni njia mbili. Kosa likifuata neno lile lile la mtangazaji, Chake na Mkoani kwa pamoja, liko kituoni. La kijana wetu liko kituoni. Wewe tafuta erio yenye mwelekeo, uinyanyue juu ya paa.

MtotoWaGombani (Jumanne, saa 5:30 usiku)

Nimerudi. Nimekwenda Wesha kwa mjomba, mlingoti hauko juu ya kichwa tena. Geni nimeishusha mpaka kiwango kisifike dari. Filta 300 kHz, sampuli kama alivyosema dada. Mwenzangu aliyebaki kituoni karusha ule ule mlio wa 1 kHz.

Disitosheni 0.4%. Mchepuko umetulia, haurukiruki.

Ila muziki na maneno vikianza, vilele vinafika 118 kHz. Na S bado inachana kanga. Sasa sijui kama hiyo 118 niiamini, maana na ile 110 ya mwanzo niliiamini.

Mzee_Keria (Jumanne, saa 5:58 usiku)

Hapo umeuliza la mtu mzima. Mita yoyote ya mchepuko unaweza kuikagua bila kuazima mita nyengine, na atakayekusaidia ni mnajimu wa Kijerumani aliyekufa mwaka 1846, zamani za kale kabla ya redio. Anaitwa Bessel.

Sikiliza. Keria ya FM ukiipa mlio mmoja inazaa mbavu, yaani mistari pembeni yake, kila mmoja umbali wa masafa ya mlio. Nguvu ya kulisha mbavu hizo inatoka kwenye keria yenyewe. Kadiri unavyoongeza mchepuko, mstari wa katikati unapungua, na kuna mahali unazama kabisa. Halafu unarudi. Halafu unazama tena. Mahali unapozama hapabadiliki kwa hali ya hewa wala kwa bei ya kidude: mara ya kwanza mchepuko ukigawanywa kwa mlio ni 2.405, mara ya pili ni 5.520.

Sasa fanya hesabu kinyume. Unataka 75 kHz kwenye kuzama kwa pili. Gawanya 75 kwa 5.520, unapata 13.587 kHz. Tengeneza mlio wa masafa hayo kwenye programu ya Audacity, zima sterio ili pailoti isikuchafulie, fungua spektra, ile picha ya mistari ya masafa, kwenye skrini, anza na sauti sifuri kisha panda taratibu. Ukiona mstari wa kati umezama mara ya kwanza, usisimame, hapo upo kama 32.7. Endelea. Ukizama mara ya pili, hapo ni 75 kHz kwa hukumu ya hisabati. Tazama mita yako inasema ngapi.

Na hii ifanye kwenye dami lodi, ule mzigo bandia unaomeza nguvu ya mtambo, si kwenye erio. Mlio wa 13 kHz usiku wa manane utawatoa mbwa wa Chake wote mabarazani. Kidude utakaa nacho chumba cha mitambo, lakini geni chini kabisa na erio yake itoe. Kipande cha waya kinatosha, na kama bado kinalewa kitie kwenye kopo la bati la maziwa, limkinge na mawimbi.

BintiMbweni (Jumanne, saa 6:04 usiku)

Darasani tulipewa jedwali la Bessel tulihifadhi kwa ajili ya mtihani. Hakuna aliyetwambia kwamba ni mita.

MtotoWaGombani (Jumatano, saa 8:15 usiku)

Wallahi nimeiona kwa macho yangu. Mstari wa kati umeshuka, umeshuka, ukapotea, mbavu zimesimama pembeni kama mikarafuu iliyopandwa kwa kamba. Nikapanda, ukarudi. Nikapanda tena, ukazama mara ya pili. Mita ikasema 74.6.

Kwa hiyo mita ni nzima, na ile 118 ni ya kweli.

FundiMlandege (Jumatano, saa 2:10 asubuhi)

Haya, nimekubali, kidude kina faida. Sasa mzee na mimi nisaidie, maana nimeibeba hii aibu miezi. Nina jenereta ya mawimbi ya AM kwa ajili ya redio za masafa ya kati. Nikiiweka modulesheni 30% redio ya mteja inaimba vizuri. Nikiiweka 80% inakwaruza, na osiloskopu inaonyesha mlio umekatwa tumbo la chini. Nimebadilisha jenereta, ikawa vile vile. Nimebadilisha dayodi mara tatu.

Mzee_Keria (Jumatano, saa 3:30 asubuhi)

Dayodi haina kosa, waliokaa nyuma yake ndio wenye kosa. Wengi wanaishi na ugonjwa huu bila kuujua, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Dayodi ya kutoa sauti inaona mizigo miwili. Kwa mkondo mnyoofu inaona rezista yake tu, tuseme 10 kΩ. Kwa sauti inaona hiyo rezista pamoja na hatua inayofuata, iliyoungwa kwa kapasita. Ikiwa hatua hiyo nayo ni 10 kΩ, mzigo wa sauti umekuwa 5 kΩ. Gawanya 5 kwa 10: unapata nusu. Basi dayodi hiyo inaweza kusoma modulesheni mpaka 50% tu, zaidi ya hapo inakata tumbo la chini, hata mtambo uwe wa malaika. Weka hatua ya pili yenye mzigo mkubwa, au chukua sauti katikati ya rezista mbili, utaona.

Kuna ugonjwa wa pili unaofanana nao. Kapasita ya dayodi ikiwa kubwa mno, haiwahi kujimwaga pale wimbi linaposhuka haraka. Huo utaujua kwa sababu mlio unakatwa mshazari badala ya kukatwa bapa, na unazidi kwenye sauti nyembamba.

Ndiyo maana sisi tulipopima mitambo ya AM hatukuitegemea redio kabisa. Ujana wangu niliumaliza kwenye masafa mafupi na ya kati. Wengi wenu mnaijua ile redio ya masafa mafupi ya Dole, Unguja, 11735 kHz, kilowati 50, iliyokuwa ikisikika mpaka Ulaya wakati wa usiku. Sasa piga hesabu ya mtambo wowote wa kilowati 50. Ukiupa mlio mmoja kwa modulesheni 100%, keria inabaki na kilowati zake 50, na mbavu mbili zinaongeza 12.5 kila moja, jumla 75. Vilele vyake vya papo kwa papo vinafika 200. Mkondo kwenye erio unapanda kwa asilimia 22 na nusu. Ampea 10 ikisoma 12.25, hapo umefika 100%, na hukuhitaji kompyuta.

Kipimo nilichokipenda ni cha pembenne. Unachukua osiloskopu, unaipa sauti ya kuingia kwenye mhimili wa kulala, na mawimbi ya mtambo kwenye mhimili wa kusimama. Kwenye kioo inatokea pembe kama tanga la ngalawa. Upande mrefu ni kilele cha juu, upande mfupi ni cha chini. Toa mfupi kwenye mrefu, gawanya kwa jumla yao. Mrefu ukiwa visanduku 6 na mfupi 2, ni 4 kwa 8, yaani 50%. Upande mfupi ukiwa ncha, ni 100%. Ncha ikiota mkia, keria inakatika, na hapo ndipo unapowatapikia majirani wa masafa.

Utamu wake ni kwamba kingo za tanga zinakwambia ugonjwa. Zikinyooka kama rula, mtambo hauna disitosheni. Zikipinda karibu na upande mrefu, vilele vinakosa pumzi, angalia pawasaplai au valvu iliyochoka. Zikifunguka zikawa kama yai, sauti ya kuingia imechelewa njiani, hilo ni kosa la kuunga waya zako. Tulikuwa tukiijua valvu inayokaribia kufa kwa kutazama tanga hilo kila asubuhi, kabla mita nyengine hazijasema kitu.

Kwa nyinyi wenye spektra: AM ya mlio mmoja ikiwa 100%, kila ubavu uko desibeli 6 chini ya keria. Ikiwa 50%, desibeli 12. Ukiona mistari mengine kwenye umbali mara mbili na mara tatu ya mlio, hizo ni hamoniki, na umbali wao chini ya ubavu wa kwanza ndio disitosheni yako. Desibeli 40 chini ni 1%, desibeli 60 ni 0.1%. Mashine iliyokuwa ikiheshimiwa duniani kwa kazi hizi, Hewlett-Packard 8901A, ilipima AM, FM na mzunguko wa pembe kutoka 150 kHz mpaka 1300 MHz. Ukubwa wake kama sanduku la mkate, bei yake kama nyumba. Leo mnafanya nusu ya kazi yake kwa kitu cha kutia mfukoni, mradi mjue kinalewa lini.

FundiMlandege (Jumatano, saa 7:00 mchana)

Mzee Allah akuzidishie. Nimeongeza rezista ya 100 kΩ mbele ya hatua ya pili. Sauti imepungua kidogo, lakini 80% inaimba. Na zile dayodi tatu nilizozitupa nakwenda kuziokota.

Nahodha_Mkoani (Jumatano, saa 11:40 jioni)

Na sisi wa baharini? Redio ya boti, chaneli 16, wenzangu wananambia sauti yangu "imejaa mdomo".

Mzee_Keria (Jumatano, saa 12:05 jioni)

Nahodha, FM ya bahari mpaka wake ni 5 kHz tu, si 75. Ama maikrofoni umeiweka kwenye meno, ama mtu kafungua skrubu ya mchepuko. Isogeze mdomo kiganja kimoja kwanza. Ikishindikana mpe fundi aipime.

Msimamizi (Jumatano, saa 12:20 jioni)

Wazee wangu, mambo ni matamu lakini kijana wa Gombani bado S zake zinapasuka.

BintiMbweni (Jumatano, saa 3:05 usiku)

Nimekuwa nikiifikiria kauli ya Fundi tokea juzi. Ngoma sawa, S mbovu. Na mlio wa 1 kHz disitosheni yake ni ndogo. Kwa hiyo transmita haipotoshi kwa jumla, ni sauti nyembamba tu zinazopata kitu cha ziada.

Kila kituo cha FM kinanyanyua sauti nyembamba kabla ya kurusha, na kila redio inazishusha, ili mikwaruzo ya hewani ishuke pamoja nazo. Afrika na Ulaya kipimo chake ni mikrosekunde 50, Marekani 75. Kwa 50, mlio wa 1 kHz unanyanyuliwa chini ya nusu desibeli. Wa 5 kHz unanyanyuliwa 5.4. Wa 10 kHz unanyanyuliwa 10.3 au 10.4.

Kaka, tuma mlio wa 400 Hz, kiasi ambacho mchepuko ni 5 kHz tu. Kisha tuma wa 10 kHz kwa kiwango kile kile cha kuingia, prosesa ya sauti ikiwa imezimwa kompresa zake zote (zile zinazobana sauti). Kwenye programu hakikisha ule ushushaji wa upande wa redio umezimwa. Mambo yakiwa sawa, wa pili utasoma kama 16.4 kHz. Tuambie wewe umepata ngapi.

MtotoWaGombani (Alkhamisi, saa 7:50 usiku)

Dada, 400 Hz: 5.0. Mlio wa 10 kHz: 53.

Nimerudia mara tatu. 53.

BintiMbweni (Alkhamisi, saa 1:12 asubuhi)

53 kwa 5 ni mara 10.6. Hiyo ni desibeli 20 na nusu. Ni mara mbili ya 10.3!

Mnanyanyua mara mbili.

Mzee_Keria (Alkhamisi, saa 1:30 asubuhi)

Ahsante binti, umenitangulia na nimefurahi kutanguliwa.

Kijana, prosesa yenu ya sauti inanyanyua mikrosekunde 50, halafu limita yake inazuia vilele visipite mpaka. Hapo kazi imekwisha. Kisha sauti inaingia kwenye eksaita, ile hatua ya mtambo inayozaa FM yenyewe, na eksaita nayo, kwa ujinga wake, inanyanyua tena 50. Limita ilishafunga mlango, na huyu kaingia kwa dirishani nyuma yake. Sauti nene haiguswi, ndiyo maana ngoma salama. S inapigwa mara mbili, inafika 118, inapita upana wa filta za redio za watu, na filta inaikata kama ilivyokatwa ya kwako pale mwanzo. Hicho ndicho kitambaa kinachochanika.

Meneja akikwambia ongeza, mwambie ashukuru hukuongeza.

Nenda kwenye menyu ya eksaita, iweke bapa, sifuri. Iache prosesa peke yake ifanye kazi. Usizime zote mbili, maana hapo redio za watu zitashusha kitu kisichonyanyuliwa na mtangazaji atasikika kama yuko ndani ya mtungi. Kisha rudia milio yako miwili kabla hujasherehekea.

MtotoWaGombani (Alkhamisi, saa 5:40 usiku)

Nimefanya. Eksaita ilikuwa 50, nimeweka sifuri. Mlio wa 10 kHz sasa unasoma 16.3. Pailoti ya 19 kHz nimeipima kando, 6.8 kHz, yaani kama 9%, nimeiacha. Nimeangalia saa nzima ya matangazo, salamu, qasida na taarabu: vilele 73, 74, kimoja tu kimegusa 75.

Mwenzangu akanambia mtambo ule uliwekwa tena mwaka jana baada ya radi, na aliyeurudisha aliiacha eksaita kama ilivyotoka kwenye boksi. Kwa hiyo mwaka mzima tumekuwa tukichana kanga za watu.

Meneja amekuja asubuhi, katazama mita, kasema: "Mbona taa nyekundu haiwaki tena? Umepunguza nguvu?" Nimemwekea fidla. Kanyamaza mpaka wimbo ukaisha, halafu kaondoka bila kuuliza bei ya transmita.

KidagaaWete (Ijumaa, saa 4:00 asubuhi)

Nathibitisha, nimenyanyua erio juu ya paa kama alivyosema mzee. Salma wa Sizini kasalimiwa leo, nimemsikia herufi kwa herufi.

MtotoWaGombani (Ijumaa, saa 9:15 alasiri)

Jambo moja dogo. Sasa S zimetulia, kwenye spektra ya sauti wakati wa kimya naona mstari kwenye 100 Hz, desibeli 52 chini ya mchepuko kamili. Jana sikuuona, labda ulikuwepo. Ukitega masikio kwenye redio nzuri unasikia "uuuu" kwa mbali.

FundiMlandege (Ijumaa, saa 9:22 alasiri)

Mia ni hamsini ya umeme wa ukutani mara mbili, yakhe. Hiyo si hewani, hiyo ni pawasaplai. Kapasita.

Mzee_Keria (Ijumaa, saa 10:10 jioni)

Au ardhi imeungwa mahali pawili. Usifungue kifuniko mpaka tujue. Chomoa waya wa sauti kwenye eksaita kwanza, uone kama mstari unabaki au unaondoka, kisha fungua uzi mwengine. Huu umejaa.